Waya wa joto wa paa, Minneapolis: waya mzuri, kazi mbovu

Nilitaka kuwapa nyota tatu mafundi walionifungia waya wa umeme wa kuyeyusha barafu ukingoni mwa paa, hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, kwa sababu waya wenyewe hauna shida. Ni ule unaojirekebisha: ukigusana na barafu unaongeza joto, pakikauka unapunguza. Umepandishwa zigizagi kwenye upenu hadi ukapita usawa wa ukuta kwa sentimita 30 hivi, na umeshikwa kwa klipu, hakuna msumari uliotoboa vigae. Hapo sina neno.

Sasa tazameni ulipoishia. Wameukatisha pale gata linapoingiza maji kwenye bomba la kushushia. Kofia nyeusi ya mwisho wa waya inaning'inia nje kama shibiri moja. Ndani ya bomba hamna kitu! Theluji imeyeyuka, maji yamefuata gata, yameingia kwenye bomba la baridi kali yakaganda. Barafu imejaa kuanzia kiwiko cha chini kwenda juu, bomba limepasuka kwenye mshono, gata limefurika, na barafu imejijenga upya palepale nilipolipia isijengeke. Waya hushushwa ndani ya bomba mpaka mdomo wa chini. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii: ukiyeyusha maji, yape njia mpaka ardhini.

Nilipopiga simu nikajibiwa, "Hii ni Minnesota, barafu haikosi," simu ikakatwa. Mteja aliyelipa anajibiwa hivyo?

Nyota tatu nazifuta, naacha moja, nayo ni ya waya.

Tena hakuna aliyechungulia darini kabla ya kuniuzia. Kinachoyeyusha theluji ya katikati ya paa ni joto la nyumba linalopenya kwenye matundu ya taa, kando ya dohani na kwenye kifuniko cha kupandia darini. Maji hayo yakifika upenuni, ambako hakuna joto chini yake, yanaganda. Ziba matundu kwanza kwa povu (kando ya dohani weka bati na gundi ya kustahimili moto), kisha ongeza sufi ya kuzuia joto darini ifike R-49 (kipimo cha uwezo wake wa kuzuia joto) au zaidi, bila kuziba hewa inayopandia upenuni. Feni ya bafu itoe mvuke nje, si darini. Waya ni wa sehemu ambazo hayo hayawezekani.

Labda watafaa kwa paa lisilo na gata. Hapana, hata hapo siwapendekezi. Ukilazimika kuwaita, usimalize kulipa mpaka uone ncha ya waya chini ya bomba, na swichi inayojikata umeme ukivuja.