Shule mbili za Moshi nilizompeleka mwanangu mwenye usonji

Nyota nne kati ya tano kwa shule anayosoma mwanangu sasa, ya serikali, yenye kitengo cha elimu maalumu. Nyota moja kwa ile ya binafsi tuliyotoka. Zote ziko hapa hapa Moshi. Majina siyaandiki kwa sababu mtoto angetambulika mara moja, ila yaliyofanyika nitayaeleza yalivyo, maana wazazi wengi wananiuliza dukani na siwezi kumsimulia kila mtu.

Mwanangu yuko darasa la nne. Majibu kwamba ana usonji tuliyapata hospitali ya KCMC kabla hajaanza shule, na nilipojaza fomu ya kujiunga nilieleza kila kitu. Hesabu anaziweza, kusoma anasoma. Kinachomshinda ni kelele za ghafla na maswali ya haraka haraka. Ukimkaripia huku unataka jibu papo hapo, maneno yanamkauka kabisa, hata kama jibu analo.

Katika ile shule ya kwanza, wenzake waliligundua hilo kabla ya walimu. Saa nne wakati wa uji walimzunguka kwa nyuma na kugonga vikombe vya bati kwa vijiko karibu na sikio lake. Akiziba masikio na kupiga yowe, wanacheka. Ukawa ndio mchezo wa mapumziko.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule karibu na Mbuyuni, kwa hiyo mashati yaliniambia kabla mtoto hajasema. Shati la mtoto aliyekimbia akaanguka huachia kwapani au kwenye kiwiko. La mtoto aliyevutwa kwa nyuma hung'oka kola, na kifungo cha juu huondoka na kipande cha kitambaa. Ya mwanangu yalikuwa yanarudi na kola zimelegea. Nikaenda shuleni na shati mkononi. Mwalimu wa darasa akanijibu kwa upole, "Mama, watoto wanataniana tu, naye azoee."

Shule iliamka siku mwanangu alipomng'ata mwenzake mkono. Mwalimu wa zamu alimchapa mstarini, wanafunzi wote wakitazama, kisha akamwamuru ampe mkono yule mwenzake, amtazame usoni na aombe msamaha. Hakuweza. Wakasema ana kiburi, wakamwongeza fimbo.

Hapa naomba wazazi mnisikilize. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Nilipoomba kuona kitabu, hakikuwepo. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mzazi, tumevumilia sana. Mtafutie shule inayomfaa." Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma shule ya kawaida, iwe ya serikali au ya binafsi. Nilimkumbusha, akanyamaza. Ada ya muhula ilikuwa imeshalipwa na haikurudi.

Uonevu upo kila shule, na mtoto mwenye usonji huonewa zaidi ya wenzake; tafiti za nchi nyingi zimeonyesha hivyo. Kwa hiyo sikutafuta shule isiyo na watoto wachokozi. Nilitafuta shule ambayo mtoto akipiga yowe, mtu mzima atajiuliza kilichotangulia ni nini. Uking'ata, alama inabaki mkononi. Kikombe kikigongwa sikioni, hakiachi alama yoyote, na shule inayohukumu kwa alama itamwadhibu mtoto wangu kila siku.

Hii ya sasa tulijaribiwa nayo mapema. Muhula wa kwanza haujaisha, mwanangu akamsukuma mwenzake mpaka akaangukia ndoo ya maji. Nilipopigiwa simu nilifunga duka nikiwa na jibu langu tayari mdomoni. Nikamkuta amekaa kwenye chumba cha kitengo, mlango umeegeshwa, kapewa maji ya kunywa, hakuna aliyemuuliza kitu. Mwalimu wa kitengo, aliyesomea elimu maalumu Patandi, pale Tengeru, akaniambia, "Karibu mama, tumsubiri kwanza apumue."

Alipotulia, mwalimu akachora vyumba vitatu kwenye karatasi, akampa penseli. Cha mwisho akakichora yeye mwenyewe: mtoto na ndoo. Akamwambia ajaze vile vya kabla yake. Mwanangu hakusema neno, lakini alichora. Katika chumba cha kwanza kulikuwa na kijiko, kikombe, na sikio kubwa kuliko kichwa chenyewe. Mchezo wa vikombe ulikuwa umemfuata mpaka huku. Baadaye ilijulikana kuwa mmoja wa watoto alihamia kutoka ile shule ya zamani.

Waliohusika mwalimu aliwahoji mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Wazazi wao waliitwa, na shauri likaandikwa kwenye daftari la dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, yaani pale shuleni panapopokelewa malalamiko ya watoto wanaoumizwa. Mwanangu naye hakuachwa hivi hivi: alijaza ile ndoo upya na kufuta maji sakafuni, na mimi niliunga mkono, kwa sababu kusukuma ni kosa hata kwake. Lakini hakuna aliyelazimishwa kushikana mikono. Nilipouliza, mwalimu akasema, "Mama, mimi sidai wapendane leo. Nataka wasimguse na wasimgongee." Kisha akaniomba ruhusa kabla ya kwenda kuzungumza na darasa kuhusu watoto wanaoumizwa na kelele, na alizungumza bila kumtaja. Mwanangu sasa anachukua uji dakika chache kabla ya kengele. Kengele yenyewe ni ringi ya gari inayoning'inia mwembeni, na siku hizi anaipiga yeye, maana sauti unayoitoa mwenyewe haikushtui.

Na ile ya vikombe imekwisha. Mashati yake sasa yanachakaa viwiko tu.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili. Kwanza, kila kitu kinamtegemea mwalimu mmoja. Alipokuwa likizo ya uzazi, aliyemshikia nafasi alirudisha mambo ya "peaneni mikono yaishe", na tulikaa na mtoto asiyelala usiku mpaka mwalimu aliporudi. Walimu wa madarasa ya kawaida wana watoto wengi mno na siwalaumu, lakini yale anayoyafanya mwalimu wa kitengo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja ikabandikwa ofisini. Pili, njiani. Mwanafunzi akishatoka getini, shule inasema jukumu limeisha, na kati ya geti na kituo cha daladala ndiko wachokozi walikohamia.

Mzazi unayetafuta shule, usiishie kuangalia majengo na basi la njano. Omba uonyeshwe kitabu cha adhabu na daftari la dawati. Uliza mwalimu wa dawati ni nani, kisha muulize mtoto yeyote uwanjani swali lile lile. Kama mtoto hamjui, dawati hilo liko ukutani tu. Mweleze mwalimu mkuu kisa kama cha kikombe na umsikilize anaanzia wapi, kwa aliyegonga au kwa aliyepiga yowe. Nenda saa nne, wakati wa uji, ndipo utakapoiona shule ilivyo. Na kama mtoto anaumizwa na shule haikusikii, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure.

Shuleni kwetu nimeomba jambo moja liingie kwenye kikao cha wazazi: mtu mzima mmoja asimame kituoni watoto wakitoka, mpaka wa mwisho apande gari. Sisi wazazi tunaweza kupokezana, na zamu ya Jumatatu nimeshaichukua mimi.