Vikopo vya Mbavu kwa Kitalu cha Miti ya Asili: Vizuri, Ila Si kwa Kila Kikundi

Tunachopitia hapa ni vikopo virefu vyembamba vya plastiki ngumu vya kuoteshea miche, vile vinavyopachikwa kimoja kimoja kwenye fremu yenye matundu. Vingi vina kina cha sentimita 15 hadi 20 na hubeba mililita 150 hadi 350 za udongo. Vikundi vinavyorudisha uoto wa asili huvinunua ili viachane na viriba, yaani mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche, na mara nyingi vina haki ya kufanya hivyo. Lakini kikundi kisicho na kichanja wala zamu ya kumwagilia kisinunue. Hela itakuwa imepotea.

Geuza kikopo uchungulie ndani. Utaona mbavu nyembamba zinazoshuka wima kutoka mdomoni hadi chini, na kitako kikiwa karibu chote tundu. Mzizi ukigusa ukuta laini wa kiriba hujizungusha, ukarudi ulikotoka, ukajizungusha tena. Ukipandwa hivyo hauachi, na mti unaweza kustawi miaka kadhaa kisha ukaanguka kwa upepo au kudumaa, kwa sababu mizizi yake yenyewe imeukaba shingoni, pale shina linapokutana na mizizi. Kwenye kikopo chenye mbavu mzizi unagonga ubavu, unaelekezwa chini, unafika tunduni na kukutana na hewa kavu. Ncha hukauka. Mzizi uliokatwa na hewa hutoa matawi juu yake, na hiyo mizizi midogo ndiyo itakayoanza kunyonya maji siku chache tu baada ya mche kupandwa.

Kwa hiyo kazi nusu inafanywa na hewa iliyo chini ya kikopo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Fremu ikiwekwa chini, mizizi hupita tunduni na kuingia ardhini. Siku ya kuhamisha inakatika yote na mche unanyauka. Jenga kichanja cha mbao, mianzi au nondo, usawa wa kiuno ili anayepalilia asivunjike mgongo, na juu yake utandike wavu wa waya au fito zilizoachana. Usitandike ubao mzima wala nailoni. Kwa haki tuseme pia kwamba kiriba kilichofunguliwa kitako na kukaa juu ya kichanja hicho hicho hupata sehemu kubwa ya faida hii. Kinachokosa ni mbavu, hivyo mizizi ya pembeni bado itazunguka. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, anza na kichanja.

Kuna trei nzima zilizoungana na kuna vikopo vya kutenganika. Kwa miti ya asili chukua vya kutenganika, hata kama bei iko juu. Mbegu za porini hazijachaguliwa kwa vizazi vingi ili ziote siku moja. Fremu moja inaweza kuwa na mche wenye majani sita, jirani yake ndio kwanza anapasua udongo, na wa tatu hataota kabisa. Kwenye trei iliyoungana matundu matupu yanakaa humo yakimwagiwa maji bure, na mche mkubwa unamfunika mdogo hadi anarefuka kinyonge. Vya kutenganika unapanga upya: wakubwa fremu moja, wadogo nyingine, vitupu vinapandwa tena. Majani yakianza kugusana, ruka tundu moja moja ili hewa ipite. Trei zilizoungana zenye matundu ya mililita 50 hadi 100 tunaziona zinatosha kwa nyasi, maua ya porini na vichaka vya kufunika ardhi, ambavyo havikai kitaluni muda mrefu.

Udongo wa shambani usiutumie humu. Kwenye chombo chembamba unashikamana, maji yanatuama chini, na ukitoa mche ama unatoka tofali ama unabomoka wote. Mchanganyiko unaofanya kazi ni sehemu 3 za makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu 2 za mboji iliyoiva na kuchekechwa, na sehemu 1 ya maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kuwa majivu. Makumbi yaloweke na kuyasuuza kwanza, kwani mengine yana chumvi. Ongeza kiasi cha moja ya kumi ya udongo wa juu uliochotwa chini ya miti mikubwa yenye afya ya aina ile ile unayootesha. Miombo, mialoni na misonobari, kila mmoja katika nchi yake ya asili, huishi kwa ubia na kuvu wa mizizini, na mche uliokulia kwenye mboji tupu unaweza kufika shambani bila mbia huyo na kubaki wa njano. Jaza kikopo, kigonge mara mbili tatu kwenye meza, jazia tena. Usishindilie kwa kidole.

Panda mbegu moja kwa moja kikopini, mbili kila kimoja ukiwa na shaka na uotaji. Ya pili ikiota, ikate kwa mkasi. Ukiing'oa unatikisa mizizi ya mwenzake. Mbegu zenye ganda gumu, kama za migunga, zimwagie maji yaliyotoka kuchemka na kuepuliwa, kisha ziache humo saa 24. Zile zilizovimba zipandwe siku hiyo hiyo.

Udhaifu mkubwa wa bidhaa hii ni maji. Kiriba cha upana wa sentimita 10 kikiwa kitupu na kimelazwa bapa, na kimo cha 15, hubeba karibu nusu lita ya udongo. Kikopo cha mililita 200 hakifiki hata nusu ya akiba hiyo. Jua likiwa kali kinahitaji maji asubuhi na jioni, na siku moja ya kusahaulika inatosha kuua fremu nzima. Vitalu vya kujitolea huvurugikia hapa: siku za kazi watu wapo, mapumziko hayupo mtu. Andikeni zamu kwa majina na bandikeni kwenye mlango wa kitalu. Anayemwagilia asiangalie uso wa udongo, anyanyue kikopo: kikiwa chepesi kina kiu, hata kama juu kunaonekana pamelowa. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo mpaka maji yadondoke kitakoni, kwani maji ya juu juu yanafundisha mizizi kubaki juu. Ukizidisha nako kuna adhabu, miche michanga inaoza shingo na kulala kwa ugonjwa wa kinyausi.

Wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, ondoa kivuli kidogo kidogo na upunguze maji. Mche mzuri una sentimita 20 hadi 30 na shina gumu. Ukigawa urefu kwa sentimita na unene wa shingo kwa milimita, jibu likiwa 6 au chini yake una mche imara. Mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kupanda, gonga mdomo wa kikopo, sukuma kutoka chini. Usivute shina. Donge likibomoka, mche haujawa tayari. Likitoka gumu, mizizi ikiwa ya kahawia na imesongamana kitakoni, umechelewa, na hapa viriba vinashinda: mvua zikikawia miezi miwili, nusu lita ya udongo inavumilia, mililita 200 hazivumilii. Pandeni mvua zikishalowesha ardhi sentimita 30, na shingo ya mche iwe usawa wa ardhi.

Kuhusu uimara, bonyeza ukuta kwa kidole gumba kabla ya kulipa. Plastiki nene iliyokingwa dhidi ya jua hutumika misimu mingi. Nyembamba zinazolia kama karatasi hupasuka ndani ya msimu mmoja au miwili, na hapo mmerudi kwenye takataka zile zile mlizokimbia kwenye viriba. Kila msimu ukiisha osheni udongo wote kwanza, kisha loweka dakika 30 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, na suuza. Klorini ikikutana na udongo inaishiwa nguvu, ndiyo maana kuosha kunatangulia. Hifadhini kivulini.

Kwa miti inayosukuma mzizi mkuu haraka, kama migunga ya nyika kavu, msikubali kina kifupi kuliko sentimita 20. Na msinunue vya kitalu kizima kwa mara moja: chukueni fremu mbili, zioteshwe msimu mmoja pembeni ya viriba, mbegu za mti mama mmoja, kisha ng'oeni miche michache ya kila upande na muioshe mizizi kwenye ndoo ya maji mlinganishe.