TAHADHARI: Jamaa anayeuza "instola safi" ya sabprojekti, msimpe hela

Wadau, naandika nikiwa na uchungu bado. Nina programu naibildi kwa Meson (zana ya kubildi na kuinstoli programu), ndani yake kuna sabprojekti za watu wengine, yaani miradi yao niliyoiweka ndani ya wangu, mojawapo zlib (laibrari ya kubana data), na kila nikiinstoli, hederi (mafaili ya .h) na laibrari zao zinamwagika kwenye /usr/local, folda ya mfumo, pamoja na vitu vyangu. Nikauliza mahali, jamaa akanifuata inbox, akasema hiyo kazi ni nzito, inataka skripti yake maalum, na analipwa yote kabla ya kuonyesha kodi (code) ya skripti. Nikatuma.

Alichofanya sasa. Kwenye meson.build kaongeza mstari mmoja wa meson.add_install_script, unaoita skripti yake baada ya kuinstoli, na nilipokuja kuifungua hasara ikiwa imeshaingia, nikakuta amri ya kufuta, rm -f /usr/local/include/zlib.h na mistari mingine ya aina hiyohiyo, yaani anaacha kila kitu kiinstoliwe halafu anafuta kwa majina, haangalii faili ni ya nani! Kwenye mashine ile zlib nilishaiweka mwenyewe kwa ajili ya mradi mwingine, hederi yake ikaenda na maji, mradi ule ukagoma kubildi na nikapoteza siku nzima kutafuta mchawi. Na njia ya /usr/local kaiandika mkono, skripti haisomi kabisa MESON_INSTALL_DESTDIR_PREFIX, ambamo Meson huiambia skripti vitu vinainstoliwa wapi, kwa hiyo hata ukijaribu kuinstoli kwenye folda ya pembeni, ukiweka sudo (ruhusa za msimamizi wa mfumo) inafuta kwenye mfumo wenyewe.

Halafu kahariri mafaili ya ndani ya folda ya subprojects moja kwa moja. Nilipopiga meson subprojects update --reset kazi yake yote ikafutika, nikamwambia, akataka alipwe tena. Hapo ndipo anapopigia watu, kila apdeti unarudi kwake. Fundi wa kweli anaweka pachi (faili la mabadiliko) kwenye subprojects/packagefiles na kuitaja kwa diff_files kwenye faili la wrap, lile linaloiambia Meson sabprojekti inatoka wapi, kuanzia Meson 0.63 hilo lipo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilichokilipia, yaani kuinstoli bila vitu vya sabprojekti, kipo bure tangu toleo 0.58 la Meson:

meson install -C build --skip-subprojects

Ukitaka kuruka moja tu andika --skip-subprojects zlib. Ila angalieni, kama hiyo sabprojekti imebildiwa kama .so (laibrari ya faili la pembeni), programu yako ikianza itaikosa, kwa hiyo wakati wa meson setup weka -Dzlib:default_library=static ili iingie ndani ya programu yenyewe. Wa CMake (zana nyingine ya kubildi) nyie mna EXCLUDE_FROM_ALL kwenye add_subdirectory, na FetchContent_Declare nayo inaikubali tangu 3.28.

Mtu akikuletea kazi ya namna hii, kwanza tafuta add_install_script kwa grep usome inachoita, kisha bila sudo piga DESTDIR=/tmp/jaribio meson install -C build, inayoinstoli kwenye folda ya majaribio, na utazame kilichotua humo kwa find. Mimi nilipoirudisha zlib.h na kujaribu hivyo, terminali ikajaa "Permission denied" za /usr/local, ndo nikajua skripti inagusa nje.

Nimemwandikia anirudishie hela, kasoma, kaniblok. Anabadilisha majina huyu, ila maneno yake ni yaleyale: "lazima uendeshe kwa sudo" na "kodi utaiona ukishalipa". Ukiyasikia hayo usitume kitu, na kama ulishaendesha skripti yake kagua /usr/local/include na /usr/local/lib leo hii.