Graveyard Keeper kwa anayeanza: maiti kwanza, mapambo baadaye

Kaburi haliwezi kuwa bora kuliko maiti iliyozikwa ndani yake. Ukiielewa kanuni hiyo kabla hujachimba shimo la kwanza, Graveyard Keeper inageuka kuwa moja ya magemu mazuri ya usimamizi ninayoyajua. Usipoielewa, utachonga mawe ya gharama, utazungushia uzio, halafu utabaki unashangaa kwa nini alama za makaburi hazipandi.

Gemu lilitengenezwa na Lazy Bear Games, likasambazwa na tinyBuild kuanzia Agosti 2018. Unakuwa mtunza makaburi katika kijiji cha zama za kati. Punda anakuletea maiti, nawe unaichunguza, unaizika au unaitupa. Pembeni ya kazi hiyo kuna kilimo, uhunzi, alkemia, kanisa na watu kadhaa wenye mahitaji yasiyokwisha. Hakuna siku ya mwisho wala adhabu ya kuchelewa. Hapo ndipo wanaoanza wanapotea, kwa sababu kila mlango uko wazi na hakuna anayekuambia uingie upi kwanza.

Tuanze na hesabu ya kaburi, maana ndiyo roho ya gemu. Kila maiti ina mafuvu meupe na mafuvu mekundu. Meupe ni dari: yanaweka kikomo cha alama ambazo mapambo ya kaburi, yaani msalaba au jiwe pamoja na uzio, yanaweza kuhesabiwa. Mekundu ni deni, yanakatwa moja kwa moja. Chukua maiti yenye meupe 3 na mekundu 2. Ukiweka mapambo yenye jumla ya alama 2, kaburi linapata 2 toa 2, yaani sifuri. Ukikasirika ukaweka mawe ya jumla ya alama 6, zinahesabiwa 3 tu kwa sababu dari ni 3. Toa 2, unabaki na 1. Umemaliza mawe, umemaliza nguvu, umepata alama moja. Sasa irudishe maiti ileile mezani, uondoe mekundu yote mawili kabla ya kuzika. Kwa mapambo rahisi ya alama 2 unapata 2, na ya alama 3 yanakupa 3. Kazi ya dakika chache kwenye meza ya upasuaji imeshinda jiwe la bei kubwa.

Kwa hiyo ujuzi wa anatomia usiuahirishe. Viungo vya kufungua mapema ni damu na mafuta, kwa kuwa hivyo viwili huchangia mafuvu mekundu na kuvitoa huisafisha maiti. Ubongo, moyo na utumbo uviache kwanza. Thamani yake hutofautiana kati ya maiti na maiti, unaweza kutoa kiungo kizuri ukadhani umesaidia. Ngozi ni mali, inatengenezewa karatasi utakapofika kwenye kazi za kanisa, ila usimchune kila anayeletwa kwa tamaa ya karatasi. Tabia moja inatosha: soma idadi ya mafuvu kabla ya kutoa kiungo, soma tena baada ya kutoa. Ikiwa meupe yameshuka, umejua bei ya kiungo hicho.

Maiti inaoza. Kadiri inavyooza, mafuvu meupe yanafifia, yaani dari inashuka. Ukisikia kengele ya punda, acha unachofanya kama kinaweza kusubiri. Maiti iliyolala mochwari wakati wewe uko kijijini kuuza vitu inapoteza alama ambazo hakuna jiwe litakalozirudisha. Baadaye utafungua sindano za kuhifadhi na kuboresha maiti, na hapo hesabu zinapanuka sana. Ila huo ni ukurasa wa mbele.

Na maiti mbovu ifanywe nini? Usiizike kwa huruma. Nafasi za makaburi zina mwisho, na kila kaburi baya linakula alama za mazuri. Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuitupa mtoni: ni haraka, haina gharama, lakini hupati cheti cha mazishi. Ya pili ni kuichoma kwenye tanuru la kuni nje ya mochwari, ambako unapata cheti pamoja na majivu na chumvi. Cheti kinauzwa kwa Horadric, mwenye baa ya Dead Horse, na mwanzoni ndicho chanzo cha fedha kinachotegemeka kuliko vyote. Fedha ya gemu ni shaba, fedha na dhahabu: shaba 100 ni fedha 1, fedha 100 ni dhahabu 1. Ushauri wangu ni kuchoma kila inapowezekana. Mto ni wa siku ile huna kuni, huna nguvu na punda ameshaleta nyingine.

Gerry, lile fuvu linaloongea, atakuelekeza mapema kwenye wazo la kuuza nyama ya maiti pale baa. Horadric hapokei nyama isiyo na muhuri, na muhuri hauji siku za mwanzo. Wengi hukata nyama, wanaijaza masanduku, inabaki kuchukua nafasi. Acha mpaka hadithi ikufikishe kwenye muhuri.

Fedha ya kwanza ya maana, baada ya mbegu na misumari, iende kwenye jiwe la kusafiria analouza Horadric. Linakupeleka papo hapo sehemu ulizokwisha kufika, na halitumiki likaisha, linahitaji tu muda wa kupumzika kabla ya kulitumia tena. Bila jiwe hilo sehemu kubwa ya gemu ni kutembea. Hili ndilo lalamiko langu kubwa: ramani ni nzuri kuitazama, lakini njia ya kwenda mnara wa taa au machimbo na kurudi inachosha, na gemu halikuambii waziwazi kwamba dawa inauzwa baa.

Kuhusu kuuza, ujue wauzaji wana kumbukumbu. Ukimuuzia mtu mmoja kitu kilekile mfululizo, bei inashuka kwa kila kimoja, kisha inapanda tena taratibu siku zinavyopita. Usimwage vyeti vyote kwa mkupuo. Uza vichache, angalia bei ya kinachofuata, ikishuka ondoka.

Wiki ya gemu ina siku 6, kila moja imepewa dhambi yake na mtu wake. Siku ya Kiburi anakuja Askofu. Siku ya Wivu yupo Snake chini ya ardhi, Ulafi ni wa Mfanyabiashara, Uzinzi ni wa Bibi Charm pale baa, Hasira ni ya Inkwizita kilimani, na Uvivu ni wa Mnajimu kwenye mnara wa taa. Alama ya siku iko kwenye saa iliyo kona ya kioo. Mtu ukimkosa, unasubiri wiki nzima. Ndiyo maana nasema panga kazi kwa kurudi nyuma: tazama nani anakuja baada ya siku mbili, anataka nini, kisha utengeneze hicho leo. Orodha ya watu na mahitaji yao ipo kwenye menyu, ifungue kila asubuhi. Gemu halikukumbushi, na ahadi uliyompa Mnajimu itakaa hapo bila kupiga kelele.

Lengo la kwanza la kweli ni Askofu. Anataka uwanja wa makaburi ufike alama 5 ndipo akufungulie kanisa. Alama 5 zinapatikana bila ufundi mkubwa: makaburi machache yenye maiti safi, misalaba ya mbao, uzio wa mbao, pamoja na kufanyia ukarabati makaburi ya zamani unayoyakuta. Usisubiri mawe. Kanisa likifunguka unaanza kuhubiri mara moja kwa wiki, siku ya Kiburi, na mahubiri yanaleta sadaka na imani. Imani ndiyo unayoihitaji kwenye meza ya utafiti iliyo chini ya kanisa, na meza hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kupata alama za bluu.

Alama za ujuzi ni za aina tatu. Nyekundu hutoka kwenye kazi za mikono, kijani kwenye mimea na mazingira, bluu kwenye elimu na mambo ya kiroho. Nyekundu na kijani utazipata hata usipofikiria. Bluu ndizo zinazokwamisha. Kila anayesema gemu limesimama, mara nyingi ukiangalia ana lundo la nyekundu na hana bluu hata za kufungulia ujuzi mmoja. Sababu ni kwamba alikata miti na kuvunja mawe huku kanisa limefungwa. Kuwahi kanisa ndiko kuwahi bluu. Ukiwa na meza ya utafiti, kila kitu kipya kinachoingia mkobani kipelekwe kuchunguzwa. Meza inakula imani na sayansi, na sayansi yenyewe unaipata kwa kuchambua karatasi hapohapo. Kwa hiyo usimalize imani yote kwa siku moja kwenye vitu vidogo, bakiza ya kile ambacho ujuzi wako unaofuata unakihitaji.

Nguvu za mwili ni mstari wa bluu unaopungua kwa kila kipigo cha shoka. Kulala kunaujaza bila gharama. Hapa kuna jambo la kusisitiza: gemu linahifadhi maendeleo yako unapolala tu. Ukizima kabla ya kulala, kila ulichofanya tangu usingizi uliopita kimepotea. Usingizi hauna adhabu, hata mchana, kwa hiyo lala kila unapomaliza jambo kubwa: baada ya mahubiri, baada ya kukabidhi kazi ya mtu, kabla ya kuingia handakini. Chakula kitumie pale unapokuwa mbali na nyumbani.

Zana zinachakaa, na chombo kikifika mwisho hakifanyi kazi mpaka kinolewe. Weka kinoo uani mapema, kisha noa shoka, sururu na koleo kabla ya kuondoka kuelekea machimbo. Kugundua sururu imekwisha ukiwa mbele ya mwamba wa chuma ni kupoteza nusu siku.

Mpangilio wa uani unastahili kufikiriwa. Masanduku yaliyo eneo moja na meza za kazi yanatumika kwa pamoja, yaani meza inachota yenyewe kilichomo bila wewe kukibeba. Lakini kila eneo linajitegemea: misumari iliyo kwenye sanduku la nyumbani haitaonekana mochwari wala kanisani. Weka sanduku moja au mawili kila eneo na ugawe vitu kwa matumizi. Magogo, mawe makubwa na madini hayaingii mkobani, hubebwa moja moja juu ya bega. Jenga sehemu ya kurundika magogo na ya kurundika mawe karibu na meza zinazoyatumia, la sivyo yatatapakaa njiani.

Misumari na vipande vya chuma vya mwanzo nunua kwa Krezvold, mhunzi wa kijiji. Kuna ubishi kwamba ni ufujaji wa pesa kwa kuwa utavitengeneza mwenyewe baadaye. Siukubali. Vipande vichache vya kununua vinakuwezesha kujenga meza muhimu mapema, na muda unaookoa ni wa thamani kuliko shaba hizo.

Karoti ni neno la kuandika pembeni. Punda atafika mahali agome, na kuanzia hapo hataleta maiti bure, atataka karoti kwenye kisanduku chake. Mbegu zipo kwa mkulima kijijini. Panda mapema kwenye bustani ya nyumbani, uwe na akiba ya 20 au zaidi kabla hajagoma. Anayeshtukizwa na mgomo hukaa siku kadhaa akisubiri karoti ziive huku hana maiti, hana vyeti, hana fedha.

Handaki lina ngazi 15 na lisikupe haraka. Wanaoingia na upanga wa mwanzo hurudi mikono mitupu. Ngazi za juu zinatosha kukupa vitu vya alkemia, zilizobaki zisubiri silaha na chakula bora.

Nyongeza ya Breaking Dead ya mwaka 2018 ni ya bure na ndiyo inayobadilisha gemu zaidi, kwa kuwa inaleta mazombi wa kufanya kazi. Kasi ya zombi inategemea mafuvu meupe ya maiti uliyomfufua nayo, kwa hiyo ile kazi ya mezani inakulipa mara ya pili. Usifufue maiti mbovu ili mradi upate mkono wa ziada. Wa kwanza mpeleke kwenye kazi ya kuchosha na ya kila siku, kukata magogo au kuchimba mawe, siyo bustanini. Stranger Sins, Game of Crone na Better Save Soul zinauzwa. Zote zinaongeza kazi juu ya kazi, na sishauri kuzinunua kabla kanisa lako halijafunguka na wiki ya siku 6 haijakaa kichwani.