Atlantic Philanthropies ilivyofunga: tathmini kwa mashirika ya Lubumbashi

Atlantic Philanthropies, mfuko wa hisani unaotoa ruzuku kwa mashirika, ulianzishwa na Mmarekani Chuck Feeney mwaka 1982, na kwa namna ulivyofunga tunaupa alama za juu, ingawa si zote. Bodi iliamua mapema, mwaka 2002, kwamba fedha zote zitolewe. Ruzuku ya mwisho iliidhinishwa Desemba 2016, na nyaraka za kuuvunja zikatiwa sahihi Septemba 2020. Kwa jumla, tangu mwanzo, zilitoka zaidi ya dola bilioni 8.

Tunachokisifu kuliko vyote ni ile miaka ya kati ya 2016 na 2020. Ahadi mpya hakuna, lakini mfuko ungali hai wa kumalizia malipo na kupokea ripoti. Hapo ndipo mashirika madogo ya Katuba na Ruashi, sehemu za mji wa Lubumbashi, huumia kwa wafadhili wengine. Mkataba unazuia awamu ya mwisho mpaka ripoti ya mkaguzi wa hesabu ikubaliwe. Ofisi ya mfadhili inafungwa Juni, mkaguzi anamaliza Agosti, na hakuna tena wa kuikubali. Shirika lilishanunua vifaa kwa mkopo. Deni linabaki dukani, na mwenye duka hana habari na mambo ya wafadhili.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wa mwisho, daini malipo yote yakamilike walau miezi sita kabla ofisi haijafungwa. Gari, jenereta na kompyuta zihamishwe jina kwa maandishi. Gari lenye kadi ya mfuko uliokwisha kuvunjwa ni taabu kwa bima na kwa kila polisi barabarani. Ikiwa ruzuku ni ya dola na mishahara ni ya franka, iandikwe nani anabeba hasara ya kubadilisha. Na tafadhali, msiajiri mtu wa kudumu kwa fedha hizo. Tengeni kwanza haki za wafanyakazi watakaoachishwa, kodi ya nyumba na malipo ya mkaguzi.

Alama tunazopunguza ni hizi: sehemu kubwa ya fedha za mwisho ilikwenda kwenye programu za Atlantic Fellows za kuandaa viongozi, Afrika Kusini ikiwemo. Kazi njema kabisa, lakini hailipi mshahara wa karani wala kodi ya ofisi ya shirika lililozoea ruzuku.

Shirika lenyewe likifunga, madeni hutangulia. Kinachobaki kiende pale statuti (katiba ya shirika) zinaposema, kwa hiyo zisomwe kabla ya kugawa hata kiti kimoja.