Draivu ya kuchoma DVD: ya ndani au ya USB?

Kwa anayenakili video za harusi na kwaya nyumbani, Mbeya au Iringa, uamuzi unaanzia kwenye umeme.

Draivu ya ndani hufungwa kwenye kompyuta ya mezani kwa nyaya mbili za SATA: moja ya data, nyingine ya umeme. Huchoma hadi 24x (mara 24 ya kasi ya msingi ya DVD), kasi inayofikiwa ukingoni mwa diski tu. Mashine za zamani zina IDE, yaani waya mpana bapa badala ya SATA, kwa hiyo fungua kasha uangalie kabla ya kununua. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, DVD-R hiyo ni ya kutupa.

Ya USB iliyo nyembamba huishia 8x, na diski ya GB 4.7 huchukua kama dakika kumi. Ubaya wake ni njaa ya umeme: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na leza ikianza kuchoma, draivu inaweza kujikata. Tumia waya wenye vichwa viwili vya USB, wala usipitie habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) isiyo na adapta yake ya umeme. Ila ikiwa kwenye laptopu yenye betri nzima, Tanesco wakikata kazi inaendelea. Mimi ningechukua hii.