Miezi saba na absoluti ya asmini: uzoefu wangu

Nilinunua mililita 2 za kiini cha asmini, kile ambacho watengenezaji wa manukato hukiita absoluti, na nimekitumia kwa miezi saba, kwanza katika manukato ninayochanganya mwenyewe, kisha katika mafuta ya kupaka usoni. Nimeridhika nacho kabisa, ingawa siku nilipofungua kizibo kwa mara ya kwanza nilidhani nimetapeliwa.

Ndani mlikuwa na kimiminika kizito cha rangi ya kahawia, chenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na chini ya utamu huo mlikuwa na kitu kinachokaribia harufu ya zizi. Hiyo ni indoli, kemikali ambayo imo ndani ya ua lenyewe: ikizidi hukera pua, lakini ikizimuliwa ndiyo inayoipa asmini uhai. Nilizimua tone 1 kwa matone 9 ya spiriti safi, nikaiacha gizani kwa wiki mbili, na nilipoirudia nilikutana na ua lililochanua usiku, laini na lenye kina.

Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua kwa muuzaji mwingine chupa iliyoandikwa kuwa ni mafuta halisi ya asmini yaliyokenekwa kwa mvuke, yakiwa meupe kama maji. Nilizilinganisha mbili hizo kwenye vipande vya karatasi. Ile ya awali ilinukia vizuri papo hapo, ikabaki vilevile bila kubadilika, na baada ya saa chache ikatoweka; hii ilianza na harufu inayofanana na ndizi mbivu, ikageuka kuwa ua, na asubuhi yake karatasi ilikuwa bado inanukia asali. Maelezo ya yule muuzaji yalipaswa kunishtua mapema, kwani ua la asmini halivumilii joto la mvuke. Harufu yake huvutwa kwa kiyeyushi kama heksani, ikapatikana nta ya maua, kisha nta hiyo huoshwa kwa alkoholi, hupozwa na kuchujwa. Kilo 1 hufikiwa kwa takriban maua 8,000 hadi 10,000 yanayochumwa kwa mkono alfajiri, na kilo 1 ya absoluti hudai mamia ya kilo za maua, hivyo bei ndogo pekee ingetosha kututia shaka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kupaka tone zima kifundoni mwa mkono bila kulizimua. Ngozi iliwasha na kuwa nyekundu kwa siku mbili. Asmini inajulikana kuwaletea baadhi ya watu mzio, na IFRA, shirika la kimataifa la manukato, limeiwekea kikomo. Sasa natia tone 1 katika mililita 30 za mafuta ya jojoba, na kabla ya kuyapaka usoni niliyajaribu kwanza nyuma ya sikio.

Kilichonipa imani zaidi ni lebo iliyotaja jina kamili la mmea, Jasminum grandiflorum, nchi ulikolimwa, yaani Misri, na njia ya ukamuaji. Asiyetaja mambo hayo matatu sitanunua kwake tena. Chupa yangu imebaki robo, na kwa vile kimiminika ni kizito, huishika kiganjani kwa dakika chache kabla ya kudondosha.